Zimwi Lilipoitwa Dubu

Kenya haina dubu wa porini. Kusini mwa Sahara kote hakuna hata mmoja. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na wengi wetu tulikutana na dubu kwenye katuni au kwenye kitabu cha chekechea, pale herufi D ilipohitaji mnyama. Lakini hebu chukua simu yako utafute dubu wa Nandi kwa Kiingereza. Utampata mara moja: mabega yamepanda, mgongo umeteremka, manyoya mazito mbele, na sifa ya kupasua fuvu la mtu ili ale ubongo. Kando yake, karibu kila mara, utampata mwanamume mwenye bunduki.

Hao wawili hawaachani. Kwenye makala za zamani, kwenye vitabu vya viumbe wa ajabu na sasa kwenye video za YouTube zenye sauti nzito na muziki wa kutisha, stori ni ileile: msitu, giza, nyayo zisizoeleweka, halafu risasi. Ukikulia Litein, Sotik au Mogogosiek, huenda unamjua kiumbe huyo kwa jina lingine, chemosit, jina ambalo Wakipsigis na Wanandi wanalitumia pamoja, maana lugha zao ni ndugu na zinaelewana. Na kama kogo wako alikusimulia juu yake karibu na moto, huenda umegundua jambo: kwenye stori ya kogo hakukuwa na bunduki.

Nataka kusoma maandishi yaliyomzaa dubu huyo kama tunavyosoma hadithi yoyote ile. Nani anasimulia? Anaogopa nini? Ameshika nini mkononi? Hoja yangu ni hii: chemosit alikuwa zimwi, na waandishi wa kikoloni wakamgeuza dubu. Wengine watasema hilo ni suala la tafsiri tu. Mimi naona tafsiri hiyo ilibadilisha kila kitu, kwa sababu zimwi unalishinda kwa kulijua, na dubu unamshinda kwa kumpiga risasi.

Tuanze na Hollis, kwa kuwa ndiye bora kati yao. A. C. Hollis alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni mwenye sikio zuri la lugha, na mwaka 1909 alichapisha huko Oxford kitabu kuhusu Wanandi, lugha yao na masimulizi yao. Chemosit yumo. Hollis anamwita shetani, na hapo tayari tafsiri imeanza kupinda, ila maelezo yenyewe ni ya mtu aliyekaa akasikiliza. Chemosit ni nusu mtu, nusu ndege. Ana mguu mmoja na makalio tisa. Mdomo wake ni mwekundu na usiku unawaka kama taa. Anatembea kwa kuegemea fimbo inayofanana na mkuki. Usiku huimba karibu na makazi ya watu. Watoto wakiona ule mwanga kwa mbali na kusikia wimbo, wanadhani kuna ngoma mahali, wanaufuata, na huo ndio mwisho wao.

Makalio tisa. Hakuna mwindaji aliyewahi kumhesabu mnyama akapata makalio tisa. Hiyo ni namba ya msimulizi, ya kumfanya mtoto acheke kabla hajagundua kwamba ameogopa. Halafu angalia mtego wenyewe. Chemosit hamkimbizi mtu wala hamrukii kutoka juu ya mti. Anawasha mwanga na kuimba, nawe unatoka nyumbani kwa miguu yako mwenyewe. Kinga dhidi ya mtego wa aina hiyo haiwezi kuwa silaha. Kinga ni kujiuliza, kabla hujatoka: hiyo ngoma ni ya nani, na mbona sikuambiwa mapema?

Waswahili wana methali inayoingia hapa barabara: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi ni la nyumbani. Linakujua, nawe unalijua. Lina tabia, lina udhaifu, lina wimbo ambao ukiusikia mara ya pili unautambua. Ndiyo maana nasema neno la Kiswahili la chemosit ni zimwi, na sielewi kwa nini hata magazeti yetu yanapomwandika yanaendelea kutafsiri kutoka Kiingereza na kusema dubu.

Sasa tumsome aliyemleta dubu. Mwaka 1912, kwenye jarida la chama cha wapenda viumbe na mazingira cha Afrika Mashariki na Uganda, mtu aitwaye Geoffrey Williams aliandika kuhusu mnyama asiyejulikana huko Uasin Gishu, kaskazini mwa nchi ya Wanandi. Alikuwa safarini na binamu yake karibu na mwamba wa Sergoi walipomwona mnyama ameketi kitako. Williams anatafuta mfano wa kumweleza msomaji, na mfano unaomjia ni dubu wa bustani ya wanyama ya London, yule anayeketi akiomba mkate. Baadaye anamlinganisha tena na dubu huyohuyo ili tujue ukubwa wake.

Hapo ndipo dubu alipozaliwa. Alizaliwa kwenye kumbukumbu ya mtoto wa Kiingereza aliyepelekwa kutazama wanyama kwenye kizimba siku ya mapumziko, akakua, akaja Afrika, akaona kitu asichokijua, akakiita kwa jina la kitu alichokijua. Sisemi alidanganya. Yawezekana kabisa alimwona fisi mkubwa kwenye mwanga mbaya. Kama mwandishi, Williams ni mwaminifu kuliko wengi waliomfuata, na sentensi zake hazina chumvi. Lakini tazama anachofanya baada ya kulinganisha. Mnyama anaanza kuondoka, na Williams ananyakua bunduki na kufyatua. Anakosa. Mnyama anasimama, anageuza kichwa na kuwatazama.

Kwangu mimi huo ndio mstari wenye nguvu zaidi katika maandishi yote kuhusu dubu wa Nandi, na hakuna anayeuzungumzia. Mnyama hakuwa amemshambulia mtu. Alikuwa anaenda zake. Kiumbe ambacho sayansi haikuwa na jina lake, labda cha pekee duniani, na salamu ya kwanza aliyopewa ni risasi ya mgongoni. Kisha anageuka kumwangalia aliyempiga. Mwandishi wa hadithi angesimama hapo ukurasa mzima. Williams anapita haraka.

Baada yake mlango ulifunguka. C. W. Hobley, mtawala mwingine wa kikoloni, alikusanya ripoti zaidi, zikiwemo za wahandisi waliokuwa wakijenga reli ya Magadi. Nyayo zikapimwa. Majina ya lugha tofauti, kila moja na stori yake, yakawekwa kwenye gunia moja: chemosit wa Wanandi, kerit mla ubongo, na wengine kutoka mbali kabisa na hapo, wote wakawa mnyama mmoja. Mwaka 1955 Bernard Heuvelmans, Mbelgiji anayehesabiwa kuwa baba wa utafutaji wa viumbe wasiojulikana, alimpa sura nzima kwenye kitabu chake maarufu, na ukiisoma unaona kwamba gunia limejaa wanyama kadhaa wanaojulikana vizuri, fisi akiwa mbele. Wengine walipendekeza kwamba ni mnyama wa kale aliyesalia. Katika mjadala huo wote, uliochukua zaidi ya miaka 40, makalio tisa yalisahaulika. Mguu mmoja ulisahaulika. Wimbo ulisahaulika. Kila kilichofanya stori kuwa stori kilionekana ni uchafu wa kufuta ili mnyama aonekane vizuri kwenye shabaha.

Kuna swali ambalo waandishi hawa hawakujiuliza, na jibu lake lilikuwa limeshachapishwa. Wanasema wenyeji walimwogopa kiumbe huyu kupita kiasi, kwa hiyo lazima awe mnyama mkali. Sasa mchukue Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliyekuja kuwinda huku kati ya 1909 na 1910. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Kwenye kitabu chake cha safari hiyo anaeleza alivyowatazama vijana wa Kinandi, pale palepale upande wa Sergoi, wakimzingira simba na kumuua kwa mikuki. Kuna waliojeruhiwa. Hakuna aliyekimbia. Roosevelt, ambaye bila yeye dunia isingekuwa na midoli inayoitwa teddy, maana mwaka 1902 alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa mtini, alibaki akitazama kwa heshima.

Basi fikiria. Watu wanaomkabili simba ana kwa ana kwa mkuki na ngao wanamwogopa chemosit. Kama chemosit angekuwa mnyama wa uzito wa dubu, wangemfanyia kama walivyomfanyia simba, na sasa tungekuwa na ngozi yake kwenye jumba la makumbusho. Hofu yao ilikuwa ya kitu ambacho mkuki haukifikii. Waandishi wetu walisikia neno hofu wakafikiri ni hofu yao wenyewe: hofu ya mtu aliye mbali na kwao, usiku, msituni, ambaye rafiki wa pekee anayemwamini ni ile chuma mkononi.

Na hiyo chuma ilikuwa imefanya kazi nyingine kabla ya kuelekezwa kwa dubu. Williams mwenyewe anasema alipita Uasin Gishu muda mfupi baada ya kampeni ya kijeshi dhidi ya Wanandi. Anaitaja kwa haraka, kama mtu anayetaja msimu wa mvua. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, orkoiyot aliyeongoza upinzani wa Wanandi, aliuawa kwa risasi kwenye mkutano uliopaswa kuwa wa mazungumzo. Aliyempiga ni Richard Meinertzhagen. Yeye alidai alikuwa anajihami. Wanandi wanasema mzee alikuwa anatoa mkono wa salamu. Mwaka huohuo upande wa kusini, jeshi la Waingereza lilipiga Wakipsigis wa Sotik, eneo ambalo leo liko kaunti ya Bomet.

Meinertzhagen ni mhusika ambaye mwandishi wa riwaya angeogopa kumbuni, watu wangesema amezidisha. Shajara yake ya Kenya ilichapishwa mwaka 1957 na kwa miaka mingi ilisomwa kama ushahidi. Baadaye, miaka ya 1990, wataalamu wa ndege waligundua kwamba mikusanyo yake maarufu ilikuwa na vielelezo vilivyoibwa makumbusho na kuandikiwa mahali pa uongo. Na mnyama mkubwa pekee ambaye kweli sayansi ilimjua kwa mara ya kwanza kutokana na misitu ya upande huu, nguruwe mkubwa wa msituni, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1904, anaitwa Hylochoerus meinertzhageni hadi leo. Mtu alimuua orkoiyot, akaachiwa nguruwe wa kubeba jina lake.

Sitaki kusema kwamba chemosit ni mzungu. Hiyo ni rahisi mno, na ni insha ambayo tumeshaisoma mara nyingi. Ninachosema ni kwamba stori ya dubu ilifanya kazi fulani kwa msomaji wa wakati ule. Mahali penye dubu ni pori. Pori halina mwenyewe. Williams anasema kwamba alipita huko kabla ya makazi yoyote, na wala haoni ajabu kwamba wafugaji walikuwa wakilisha ng'ombe wao kwenye nyanda hizo muda mrefu kabla yake. Ukishamweka mnyama mkali katikati ya ramani, watu wanaoishi pale wanakuwa sehemu ya mandhari, mashahidi waoga wa kuulizwa kuhusu nyayo.

Njoo Kericho uone kazi hiyo ikikamilika. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis zilitengwa kwa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, mradi ukafa. Kisha yakaja makampuni makubwa ya chai, na kilichobaki unakijua: ule ukijani uliokatwa sawasawa ambao watu hupigia picha wakipita barabarani, wakisema mazingira ni asili kabisa. Mwaka 1934, kwa sheria maalum, mamia ya watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho, walihamishwa kutoka huku hadi Gwassi, nchi ya mbung'o na wanyama wa porini. Wale waliodaiwa kuwa hatari walipelekwa kuishi na hatari ya kweli, bila silaha. Hakuna aliyewaandikia sura kwenye kitabu cha viumbe wa ajabu.

Najua kuna msomaji anayenong'ona: sawa, lakini fisi yupo. Ni kweli. Mau haiko mbali, na pembezoni mwake kuna fisi, kuna chui, na Mau ya kusini magharibi ina tembo. Mchuma chai anayetoka nyumbani kabla ya jua hana muda wa uhakiki wa fasihi. Soja wa usiku analinda kwa rungu na tochi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inasema familia ya aliyeuawa na mnyama ilipwe shilingi milioni 5, na familia nyingi zimesubiri miaka. Je, huyu mchuma chai hastahili bastola kuliko yule aliyeenda kutafuta dubu wa kubuni?

Swali ni halali, na njia nzuri ya kulijibu ni kwenda kule dubu walipo kweli. Alaska watu hutembea porini na bastola kiunoni, na tangu 2010 sheria ya Marekani inaruhusu kubeba silaha hata ndani ya mbuga za taifa, kulingana na sheria za jimbo. Watafiti wa huko, Tom Smith na Stephen Herrero wakiwemo, walichambua matukio 269 ambapo mtu mwenye silaha alikutana na dubu. Matokeo yao ya mwaka 2012 yalisema kwamba waliofyatua risasi na wasiofyatua walijeruhiwa kwa kiwango ambacho hakikutofautiana kwa maana. Utafiti wao wa awali, wa 2008, ulionyesha kwamba dawa ya kupuliza ya pilipili ilimzuia dubu wa kahawia kwa asilimia 92 ya matukio. Wanachosisitiza ni kumjua mnyama: usimshtue, piga kelele ukitembea, usiache chakula ovyo, jua anapita wapi. Kumbe hata dubu wa kweli anataka kutendewa kama zimwi.

Na sisi tulishajua namna hiyo ya kufikiri. Kuanzia 1986 serikali ilipanda ukanda wa chai, Nyayo Tea Zones, kati ya msitu na mashamba ya watu. Lengo kuu lilikuwa kulinda msitu usimegwe na wakulima, na una lawama zake. Lakini wazo lake ni la mtu anayefikiria mipaka, nani anapita wapi, na ni tofauti na wazo la mtu anayenyakua bunduki kwa sababu kitu kimegeuka kumtazama.

Sasa kwa nini niwasumbue na majarida ya 1912? Kwa sababu dubu anarudi, na safari hii tunamleta sisi. Nimeona vijana wetu wakiandika hadithi za kutisha, wakitengeneza michoro na video, na nafurahi kwamba wanatafuta mazimwi ya nyumbani badala ya wale wa Hollywood. Halafu nasoma aya ya pili na ninakutana na mabega yaliyopanda, mgongo ulioteremka, na shujaa mwenye bastola anayeingia msituni peke yake. Manze, huyo si chemosit. Huyo ni dubu wa London aliyevishwa jina la kogo. Wamemtoa kwenye intaneti, na intaneti ilimtoa kwa Williams.

Kama mbinu ya uandishi tu, ukiacha siasa, bastola inaua hadithi. Mtu mwenye bastola ana swali moja: je, atalenga sawasawa? Jibu ni ndiyo au hapana, na ukurasa umeisha. Mtoto anayesikia ngoma mbali usiku, anayeona mwanga na anayejua kwamba hakualikwa, ana maswali kumi. Wenzake wanamvuta. Anataka kwenda. Ule wimbo ni mzuri kweli. Hapo kuna hadithi, na ni hadithi ambayo mtu aliyewahi kutumiwa ujumbe wa kazi ya Ghuba yenye mshahara wa kushangaza ataielewa bila kuelezwa.

Nyenzo zipo. Hollis yupo maktaba, na ukimsoma kwa tahadhari atakupa zaidi ya alivyokusudia. Ciarunji Chesaina alichapisha mwaka 1991 kitabu chake cha fasihi simulizi ya Wakalenjin. Nao wazee wapo, ingawa kila mwaka wanapungua. Waulize chemosit alikuwa anaimba nini. Waulize pia kama walimpenda, kwa sababu masimulizi haya hayakuwa malaika: yalitumika kuwanyamazisha watoto. Hadithi mpya inaweza kugombana na kogo. Ila igombane na kogo mwenyewe, kwa maneno aliyoyasema, si na mtu aliyepita, akafyatua, akakosa, kisha akatuachia jina.